Kwa Nini Serikali Haichapishi Noti za Kutosha Kila Mtu?

Kila bei ya sukari, mafuta ya kula au petroli inapopanda, na kila bajeti inaposomwa bungeni ikiwa na fungu kubwa la kulipia madeni, swali moja hurudi kwenye daladala na vijiweni: ikiwa Serikali ndiyo yenye mamlaka ya kutoa noti, kwa nini ikope nje, kwa nini iwatoze watu kodi, na kwa nini isichapishe noti za kutosha ikalipa madeni yake na kuwagawia wananchi zitakazobaki? Swali hili halistahili kuchekwa. Anayeliuliza ameona jambo la kweli, kwamba noti ni karatasi na kwamba gharama ya kuichapisha ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani iliyoandikwa juu yake. Asichoelezwa ni wapi thamani hiyo inatoka. Wataalamu wengi humjibu kwa maneno matatu, mfumuko wa bei, kisha wakanyamaza, na maneno hayo peke yake hayamfumbulii mtu chochote.

Tuanze na maana za maneno. Pesa ni kitu chochote ambacho watu wa mahali fulani hukipokea kama malipo, si kwa sababu wanakihitaji chenyewe, bali kwa sababu wana hakika kwamba watu wengine nao watakipokea kesho. Mali ni vitu na huduma zenyewe: unga, nyumba, dawa, safari ya basi, kazi ya fundi. Mfumuko wa bei ni kupanda kwa bei za vitu kwa ujumla na kwa mfululizo, maana yake ni kwamba nyanya zikiadimika kwa sababu mvua zimeharibu bustani, bei yake ikapanda huku bei za vitu vingine zimetulia, huo bado si mfumuko wa bei, ni uhaba wa nyanya. Mkanganyiko mwingi unaosikika mitaani unatokana na kuchukulia pesa na mali kuwa kitu kimoja, jambo ambalo ni rahisi kulifanya, kwa kuwa mtu mmoja mmoja akipata pesa zaidi huwa kweli amepata uwezo wa kujipatia mali zaidi. Kinachomfaa mtu mmoja, hata hivyo, si lazima kiwafae watu wote wakikifanya kwa pamoja.

Sababu ya pesa kuwapo ni mgawanyo wa kazi. Mtu anayelima chakula chake mwenyewe, anayefuma nguo zake, anayefua jembe lake na kujichotea chumvi yake hahitaji pesa hata kidogo, lakini pia hubaki maskini, kwa sababu muda wa kila kazi ni mfupi na ustadi wake katika kila kazi ni mdogo. Watu wanapogawana kazi, kila mmoja hubobea katika jambo moja na mazao ya wote huongezeka. Chukua masoko ya Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, katika karne ya 19. Kulikuwa na wavuvi waliokuja na samaki, watu wa ng'ambo ya ziwa waliokuja na mawese, na wachuuzi wa chumvi iliyochemshwa kutoka chemchemi za Uvinza, chumvi iliyosifika mbali sana na pale ilipotengenezwa. Mvuvi alitaka chumvi, lakini mwenye chumvi huenda hakutaka samaki siku ile, alitaka jembe. Ili wabadilishane mali kwa mali ilibidi kila mmoja awe na hasa kile anachokitaka mwenzake, kwa kiasi kile kile na siku ile ile. Soko la Ujiji lilikata fundo hilo kwa shanga zilizoitwa sofi, ambazo wote walizipokea. Mvuvi aliuza samaki kwa shanga akanunua chumvi kwa shanga, na hakuna aliyezihitaji shanga zile kwa ajili ya kuzila au kulimia.

Hapo ndipo ilipo kazi ya pesa: kuwawezesha watu waliogawana kazi wapokezane matunda ya kazi zao. Pesa yenyewe haizai samaki wala chumvi. Inahesabu na kuhamisha mali ambayo tayari watu wameizalisha, na kwa hiyo wingi wake una maana pale tu unapolinganishwa na wingi wa mali iliyopo.

Historia ya pwani yetu ina ushahidi wa jambo hili ulio wazi kuliko mfano wowote wa kutunga. Kwa karne nyingi kauri, wale simbi wadogo wa baharini, walikuwa pesa katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi. Walitoka hasa visiwa vya Maldivi, na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na ya gharama, hawakuweza kufika kwa wingi usio na kikomo. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wa kampuni za Hertz na O'Swald, waligundua kwamba kauri wa aina nyingine, wakubwa kidogo, walipatikana tele kwenye fukwe za Afrika Mashariki, na kwamba wangeweza kuwanunua kwa bei ndogo Unguja na sehemu nyingine za mwambao huu, wakawapakia melini, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kwenda kuwatumia kununulia mawese katika masoko ya Lagos na Ouidah. Kwa mfanyabiashara wa kwanza ilikuwa neema kubwa, kwani alichota pesa ufukweni akanunua nayo mafuta ya kweli. Meli zikafuatana. Lakini michikichi ya Afrika Magharibi haikuongezeka kwa sababu kauri waliongezeka, wala wanawake waliokamua mawese hawakupata mikono ya ziada. Thamani ya kauri ikashuka mwaka hadi mwaka. Mzigo wa kauri 20,000, uliokuwa mali ya maana, ukafikia hali ambayo ujira wa mpagazi wa kuubeba ulimeza sehemu kubwa ya thamani yake. Walioumia zaidi walikuwa wale waliokuwa wameweka akiba yao kwa kauri, wakiamini kwamba utajiri uliozikwa chini ya sakafu ya nyumba hauwezi kuibwa. Hakuna aliyewaibia kauri hata mmoja, lakini mali ambayo kauri wale wangeweza kununua ilikwisha kuhamia kwa waliozileta pesa mpya za kwanza.

Ninalikazia tukio hilo kwa sababu linaonyesha mambo mawili ambayo maelezo ya kawaida huyaacha. Kwanza, kuongezeka kwa pesa hakumwumizi kila mtu kwa kiwango kimoja wala kwa wakati mmoja: anayezitumia pesa mpya mwanzoni hununua kwa bei za zamani, na anayezipata mwishoni, mara nyingi mstaafu, kibarua au mkulima wa mbali, hununua kwa bei zilizokwisha kupanda. Ndiyo maana wasomi huuita mfumuko wa bei kodi isiyopitishwa na bunge lolote. Pili, hapakuwa na noti, benki wala serikali katika jambo lile, na bado matokeo yalikuwa yale yale.

Anayetaka kuliona jambo hili karibu na nyumbani azifikirie kadi za harusi. Kamati imeandaa pilau, vinywaji na viti vya wageni 300. Mtu akichapisha kadi 600 zenye muhuri halali wa kamati, hajaongeza sahani hata moja jikoni. Kitakachotokea ni sahani kugawanywa nusu nusu, au waliotangulia kushiba na waliochelewa kurudi na njaa huku wameshika kadi halali.

Kitu cha pili kinachoipa pesa thamani ni imani kwa anayeitoa, na hapa majirani zetu wa Kongo walipata funzo chungu. Mwishoni mwa mwaka 1992 utawala wa Rais Mobutu, ambao kwa miaka ulikuwa ukigharimia matumizi yake kwa kuchapisha zaire, fedha ya nchi hiyo, ulitoa noti ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akishindana na Mobutu akiwa waziri mkuu, alitangaza kwamba noti ile si halali, na wafanyabiashara wengi wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa mishahara kwa noti ambazo maduka hayakuzipokea waliasi na kupora mji wa Kinshasa, na watu wengi wakapoteza maisha. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Watu wa eneo la Kasai waliikataa, wakaendelea na noti zao zilizochakaa, na kwa kuwa noti zile hazikuwa zikichapishwa tena, zilishika thamani kuliko zile mpya zilizokuwa zikimiminwa kutoka mji mkuu. Sheria ya nchi ilisema zaire mpya ndiyo pesa, lakini sokoni Kasai pesa ilikuwa ile ambayo muuza mahindi alikubali kuipokea.

Wengi husema kwamba nyuma ya kila noti kuna dhahabu iliyofungiwa Benki Kuu, kwa hiyo nchi yenye migodi ingeweza kuchapisha zaidi. Haiko hivyo, na kwetu haikuwahi kuwa hivyo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919 na kutoa shilingi ya kwanza miaka michache baadaye, iliegemeza fedha yake kwenye paundi ya Uingereza na dhamana zilizowekwa London. Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa imebaki ikiahidi kubadilisha dola za benki kuu nyingine kwa dhahabu, iliacha kufanya hivyo Agosti 1971. Hata Kilwa, ambayo dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwake kwa karne kadhaa, masultani wake walifua sarafu nyingi za shaba kwa matumizi ya sokoni.

Hata hivyo imani hiyo ya watu juu ya dhahabu haikuzuka hewani. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na noti zao za dharura zikiwa zimeanza kutiliwa shaka, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Anayetoa pesa akiyumba, watu hukimbilia kitu ambacho thamani yake haimtegemei yeye. Benki Kuu ya Tanzania nayo imekuwa ikinunua dhahabu katika miaka ya karibuni, lakini kwa lengo la kuongeza akiba inayoweza kulipia manunuzi ya nje, na wala si kwamba kila gramu inayoingia ghalani inafungua njia ya kuchapisha shilingi zinazolingana nayo.

Mtu anaweza kuuliza: kwani Serikali haiwezi kuchapisha noti kisha ikawakataza wafanyabiashara wasipandishe bei? Jibu linatuingiza kwenye mifumo ya uchumi. Kila jamii inapaswa kuamua nini kizalishwe, kizalishwe vipi na kimfikie nani. Katika soko huria maamuzi mengi hufanywa na wanunuzi na wauzaji kupitia bei. Katika uchumi hodhi, Serikali hupanga uzalishaji, humiliki njia kuu zake na huweka bei. Nchi nyingi, zetu zikiwamo, zina mchanganyiko wa yote mawili, na mabishano ya kisiasa huwa ni juu ya kipimo cha kila upande.

Tanzania ilijaribu kwa dhati njia ya pili. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kudhibiti bei, iliyosimamiwa na Tume ya Taifa ya Bei. Nia ilikuwa njema, kumlinda mnyonge dhidi ya mlanguzi. Lakini miaka ilivyosonga, bei ya mafuta duniani ilipanda, ukame ulipiga, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi, na mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara iliyozibwa na mikopo ya benki. Pesa mikononi mwa watu ziliongezeka wakati viwanda vilikuwa vikizalisha chini ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Bei iliyobandikwa dukani haikupanda sana, ni kweli, ila bidhaa yenyewe haikuwapo. Watu waliokuwa watu wazima wakati huo wanazikumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga, na wanakumbuka kwamba kilichokosekana dukani kilipatikana gizani kwa bei ya magendo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwatia ndani wengi, lakini haukuijaza rafu. Mzigo wa pesa kuzidi mali hauondoki kwa amri. Katika soko huria hujitokeza kama bei kubwa, katika uchumi hodhi hujitokeza kama foleni, kama kujuana na kama magendo. Ipi kati ya njia hizo inamwumiza maskini zaidi ni mjadala halali, kwa maana mwenye muda wa kupanga foleni si lazima awe mwenye pesa, lakini hakuna iliyoweza kuufuta mzigo wenyewe. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola. Maduka yakajaa, na bei halisi, ile iliyokuwa imejificha, ikaonekana mchana.

Kuna swali dogo ndani ya swali kubwa: tuache kugawiana pesa, je, noti zisilipe angalau deni la taifa? Sehemu kubwa ya deni hilo ni la nje, na linadaiwa kwa dola, euro na fedha nyingine ambazo Benki Kuu yetu haina uwezo wa kuzichapisha. Serikali ikichapisha shilingi ili ikanunue dola za kulipia, itakuwa imemwaga shilingi nyingi kwenye soko la dola chache, na kila dola itapanda bei. Dola hupatikana kwa kuuza nje kitu ambacho wengine wanakihitaji, na hapa mgawanyo wa kazi unarudi kwa sura yake ya kimataifa pamoja na hatari zake. Tanganyika ilikuwa kinara wa mkonge duniani, ikifikisha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964. Miaka hiyo hiyo nyuzi za plastiki zilianza kuuondoa mkonge sokoni, na bei ikaanguka. Nchi iliyobobea katika zao moja hunufaika sana linapopendwa, na sarafu yake hutetereka linapokataliwa.

Hilo linagusa dhana nyingine inayosikika kila mpaka unapovukwa, kwamba kwa kuwa shilingi moja ya Kenya inapata shilingi kama 20 za Tanzania, basi Mkenya ni tajiri mara 20. Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanzisha benki kuu zao mwaka 1966, shilingi tatu zile zilikuwa sawasawa, kila moja ikipatikana kwa kiwango cha takriban 7.14 kwa dola. Tofauti ya leo inasimulia ni nchi ipi ilipata mfumuko mkubwa zaidi wa bei katika miongo iliyopita, hasa ile ya 1970 na 1980, na haisemi nani ana mali zaidi sasa. Yeni ya Japani, moja moja, katika miaka hii ina thamani ndogo kuliko shilingi ya Kenya, na hakuna anayedhani Wajapani ni maskini kuliko Wakenya. Kipimo kinachofaa ni saa ngapi za kazi humpatia kibarua wa kawaida kilo ya unga, pango la chumba na matibabu, popote alipo.

Nisieleweke kwamba pesa hazipaswi kuongezeka kabisa. Uchumi unaokua, wenye viwanda vipya, mashamba mapya na watu wengi zaidi, unahitaji pesa zaidi, na zikikosekana biashara hukwama. Tena sehemu kubwa ya pesa za leo hazichapishwi. Benki ya biashara inapomkopesha mteja huandika tarakimu kwenye akaunti yake, na tarakimu hizo hununua bati na saruji sawasawa na noti, ndiyo maana Benki Kuu hukaza au kulegeza riba zaidi kuliko inavyowasha na kuzima mitambo ya kuchapisha. Pesa za kwenye simu ni jambo tofauti, ingawa wapo walioogopa M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 kwamba kampuni ya simu imepewa ruhusa ya kutengeneza pesa. Kila shilingi inayoonekana kwenye simu inapaswa kuwa na shilingi iliyowekwa kwenye akaunti ya amana benki. Kilichobadilika ni kasi ya pesa kusafiri.

Wapo pia wanaoamini kwamba dawa ni kufuta sifuri. Uganda ilifanya hivyo Mei 1987, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na bado mwaka huo bei zilipanda zaidi ya maradufu, kwa sababu Serikali iliendelea kutumia zaidi ya ilichokusanya na kuziba pengo kwa fedha za benki kuu. Mabadiliko yalikuja mwaka 1992, Emmanuel Tumusiime-Mutebile alipokuwa katibu mkuu wa wizara ya fedha na mipango, ambapo utaratibu uliwekwa kwamba wizara zitatumia fedha zilizokwisha kupatikana tu, hata kama mipango mingine itasimama. Ulikuwa uamuzi mchungu, na miradi ilikatwa kweli. Mfumuko ukashuka haraka ndani ya muda mfupi, bila sifuri nyingine kufutwa. Hadi leo shilingi ya Uganda huuzwa kwa maelfu kwa dola moja, na kwa miaka mingi sasa imekuwa miongoni mwa sarafu tulivu zaidi katika ukanda huu.